Kumsalimia Bibi Ndani ya Hifadhi

Mama alikataa kuvua sweta. Tulikuwa tumeondoka Sumbawanga na baridi yake ya asubuhi, tukapita Namanyere, tukateremka kaskazini mpaka kwenye geti la hifadhi, na joto la huko chini lingeweza kuivisha maharage. Lakini sweta lile ni la misa. Mtu haendi kumwona mama yake amevaa ovyo, alisema, akafunga na kifungo cha juu kabisa.

Mama yake alizikwa humo, chini ya mkuyu, enzi ambazo pale palikuwa kijiji chenye mashamba ya ulezi. Baadaye mpaka wa hifadhi ulisogezwa, watu wakahamishwa, na Mama, msichana wakati huo, akapelekwa kwa shangazi yake Mpui. Hakurudi tena. Mwaka huu aliniambia anataka jambo moja tu kabla miguu haijamgomea: kupiga magoti pale na kumsalimia mama yake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Niliambiwa mapema kwamba mgeni haruhusiwi kushuka garini ila sehemu maalumu, na kwamba anayetaka kufika kwenye makaburi ya zamani huandika barua, akasubiri majibu. Mimi, mwalimu mzima, ninayewahimiza watoto kila siku wafuate maelekezo, sikuandika. Nilijiambia tutaongea hukohuko. Ndivyo tulivyozoea, ukifika na mzee mwenye heshima zake, mlango utafunguka tu.

Haukufunguka. Askari wa hifadhi tuliyepangiwa alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Mama shikamoo, akakaa mbele na dereva, bunduki katikati ya magoti. Nilipomweleza shida yetu alisikitika kweli.

"Mwalimu, pale kuna tembo," alisema. "Nikimshusha bibi bila kibali, likitokea la kutokea, atakayeulizwa ni mimi."

"Dakika mbili tu."

"Hata moja."

Nilimchukia. Nilichukia na vioo, maana nje mbung'o walikuwa wamejaa, ikabidi tuvifunge vyote, tukabaki tunatokota humo ndani watu wanne. Njiani alitueleza kazi zao. Nyasi huchomwa mapema, kabla hazijakauka sana, ili moto mkubwa usije kuzuka baadaye. Mnyama akifa haondolewi. Mti ukianguka unaachwa hapohapo mpaka uoze.

"Hatutoi kitu, hatuongezi kitu," alisema. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa utadhani yuko kanisani anasikiliza mahubiri.

"Baada ya kona hiyo," askari akasema hatimaye, "ndipo palipokuwa kijiji."

Hapo Mama akaanza kuteleza kutoka kwenye kiti. Nilidhani anaanguka, kumbe anatafuta sakafu. Kwetu Ufipa mwanamke hamsalimii mkubwa wake akiwa ameketi juu. Hupiga magoti, akapiga makofi polepole. Na Mama ni wa zile nyumba ambazo mtoto alipiga magoti kabla hajatazamana na mzazi, sio baadaye. Kama kushuka garini hakuruhusiwi, basi atapiga magoti humohumo. Alijibana nyuma ya kiti cha dereva, paji la uso likagusa mgongo wa kiti, akaanza kupiga makofi na kuita kwa Kifipa.

Gari likakata kona.

Mkuyu ulikuwa chini. Nilijua ndio wenyewe, kwa sababu hapakuwa na mkuyu mwingine pale. Tembo walikuwa wameuangusha, mizizi imeelekea juu, na pale ulipong'oka palikuwa shimo la tope lililokanyagwakanyagwa. Hapakuwa na kaburi. Hapakuwa hata na mahali pa kunyooshea kidole.

"Mkuyu upo?" Mama aliuliza kutoka chini. Kule alikokuwa aliona viatu vyangu tu.

"Upo, Mama."

"Umenenepa?"

"Umenenepa sana. Una kivuli kizuri."

Askari alinitazama kwenye kioo cha dereva, kisha akavua kofia, akaiweka mapajani. Dereva akazima injini. Mama alizungumza na mama yake muda mrefu, akamtajia waliozaliwa na waliokufa, na mimi nikalitazama lile shimo nikijiona mwizi.

Alipomaliza hakuweza kuinuka. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi, na kufungua mlango kulikuwa marufuku. Nikavuta, nikavuta tena, akaniambia niache, namuumiza. Geti hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo tulirudi hivyohivyo, Mama sakafuni, kichwa chake mapajani mwangu, njia nzima ile ya mashimo. Nje ya geti ndipo tulipomtoa, watatu tumemshika kama gunia la mahindi. Alikuwa anacheka.

"Safari nyingine nitaushika mkuyu kwa mkono wangu," alisema. "Andika hiyo barua yao."

Nikaandika. Ningesema nini? Niliandika huku nikiomba wakatae.

Wamekubali. Barua imekuja na muhuri wake: Mama anaruhusiwa kushuka kwa saa moja, akisindikizwa na askari. Kibali kinaisha mwisho wa mwezi huu. Nimeikunja mara nne, iko mkobani, chini ya madaftari ya wanafunzi. Mama yangu alitoka garini siku ileile. Mimi mpaka leo sijatoka.

Kila Jumapili tukimaliza misa hunishika mkono akaniuliza.

"Bado hawajajibu?"

"Bado, Mama."

"Watu wa maofisini wana roho ngumu."

"Sana," namwambia, na mkoba nauhamishia bega la pili, mbali na yeye.