Upinde Uliopakwa Samli

Mwanafunzi wa mwisho leo amekuja na vidole vinavyonuka samli, akashika upinde wa selo, ile fidla kubwa ya kuchezwa umeketi, kabla sijamkataza. Upinde ukiingia mafuta, nyuzi hazilii. Ningemgombeza, lakini nimefundisha tangu asubuhi na koo limekauka.

Nyumba ya nyanya yangu kule Kathonzweni ilinuka hivi hivi. Jua la huko lilipasua kila kitu, kwa hivyo alipaka vibuyu vyake samli. Nilipoleta selo ya kanisa nyumbani nifanye mazoezi, aliihurumia, akaipaka yote: mbao, nyuzi, hata upinde.

Jumapili, mbele ya kanisa zima, upinde uliteleza tu bila sauti. Watu wakaanza kucheka. Nyanya akainuka kutoka benchi la mbele.

"Nyamazeni! Kwa kelele hizi tutamsikia vipi?"

Wakanyamaza. Nikavuta upinde mpaka ubeti wa mwisho, naye ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Mwalimu, haitoi sauti," mwanafunzi ananiambia. "Nimeiharibu?"

"Wewe endelea," namwambia, kisha naketi na kuinamisha kichwa.