Mgonjwa Asiye na Jina

Mwaka ule polisi walipoanza kusimama kwenye milango ya majengo ya biashara ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kule China, na kudai pasipoti, mimi nilikuwa nimepata kazi ya mezani. Kabla ya hapo nilikuwa nikinunua mikoba kwenye viwanda vya Shiling na kuisafirisha nyumbani Iringa, na kabla ya biashara nilikuwa mapokezi katika hospitali ya misheni, nikiandikisha wagonjwa. Ndiyo maana nilichukuliwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Walikusudia kuuuza Afrika Mashariki, wakahitaji mtu wa kuutia Kiswahili.

Wafadhili walikuwa wameahidi kuzipa motisha ya fedha hospitali za huko zitakazoacha mafaili ya karatasi. Lakini hospitali ingeipata endapo tu mfumo wake una ithibati, yaani cheti cha ukaguzi, na endapo inautumia kweli, si kuufungia ofisini kwa mganga mkuu. Masharti ya ithibati yalikuwa mengi. Mfumo umwonye daktari anapotaka kuandika dawa itakayomdhuru mgonjwa. Uonyeshe nani alifungua taarifa za nani. Usimruhusu mtu kufuta kitu bila kuacha alama. Nilikuwa nikikaa na mhandisi, binti wa Kichina aliyesema Kiingereza cha taratibu kama changu, tukayapitia sharti kwa sharti. Aliniita dada, neno nililomfundisha mwenyewe.

Sharti moja lilitukwamisha. Mfumo ulitakiwa uweze kumpokea mgonjwa asiyejulikana, aliyeletwa hajitambui au hana kitambulisho, umpe namba ya muda, na akijulikana baadaye taarifa zake ziunganishwe na jina lake pasipo kitu kupotea. Wetu ulikuwa haukubali. Usipojaza jina, maneno mekundu yalitokea na kazi ikasimama hapo hapo. Laoban, yaani bosi wetu, alisema hilo lingoje, wagonjwa wa namna hiyo ni wachache. Mhandisi aliitikia, tukaendelea na mengine.

Wakati huo nilikuwa nikiishi chumba kimoja na wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, mtaa wa Xiaobei. Alikuwa amekuja kununua blauzi katika soko la Liuhua kwa viza fupi. Mzigo ukachelewa kiwandani, akaomba kuongezewa muda, wakamkatalia, na yeye akaona hawezi kurudi mikono mitupu. Akabaki. Tangu msako uanze hakutoka tena. Pazia lilifungwa mchana kutwa, na viatu vikisikika kwenye korido alikuwa akizima redio. Tulikuwa tumeshasikia habari za watu walioruka madirishani wakiwakimbia askari.

Kisha tumbo likaanza kumuuma. Alisema ni chakula. Nilipomwambia twende hospitali alikataa, kwa sababu kule huandikishwi bila pasipoti, na ya kwake ilikuwa imekwisha muda.

Mchana mmoja nilirudi kula nikamkuta sakafuni, kaloa jasho, midomo imekuwa myeupe. Nilimpigia mhandisi, maana Kichina changu kilikuwa cha kuulizia bei tu. Alikuja na teksi mpaka mlangoni. Tulimshusha ngazi tukiwa tumemkumbatia pande zote mbili, na njiani mhandisi alimshika mkono.

Dirishani pa wagonjwa wa dharura karani aliomba pasipoti. Mhandisi aliongea naye kwa sauti ya chini. Karani alimtazama wifi, akaandika kitu kwenye kompyuta, na kitanda kikasukumwa ndani. Nilimwuliza mhandisi ameandika nini.

"Ameandika asiye na jina," aliniambia. "Mwanamke."

Daktari alieleza kuwa ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, na mrija wa uzazi umepasuka. Mimi sikujua kama ana mimba. Nilitia sahihi kama ndugu yake, wakampasua mchana ule ule, wakamwongeza damu. Nilikaa kwenye benchi nikijaribu kusali, na maneno yakanikimbia.

Asubuhi alikuwa na fahamu zake. Daktari alikuja, mhandisi akatafsiri kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili. Daktari alisema kazi yake ni kutibu, hatamshurutisha mtu. Lakini taarifa zote, damu aliyopewa na mrija uliotolewa, zimeandikwa kwa mtu asiyejulikana. Akiondoka hivyo, daktari mwingine atakayezitafuta hatazipata.

Wifi akataka kujua kama mtoto ameandikwa. Daktari alijibu kwamba ameandikwa kama sehemu ya ugonjwa.

"Basi niandikeni jina langu," wifi alisema. "Huyu kaondoka bila jina. Hatuwezi kuwa wawili."

Nilimwambia afikiri kwanza, polisi wanaweza kufika hadi pale kitandani.

"Nimechoka kujificha, wifi. Pasipoti iko chini ya godoro. Kalete."

Nilikwenda. Wakati wa kurudi askari walinisimamisha Huanshi Zhonglu. Niliwapa pasipoti yangu, ya kwake nikiwa nimeifunga kiunoni ndani ya kanga. Walinirudishia yangu, nikapita. Karani aliandika jina la wifi herufi kwa herufi, na taarifa za yule asiye na jina zikahamia kwake.

Alipopata nguvu ya kutembea alikwenda kituo cha polisi kwa hiari yake. Tulimsindikiza, mimi na mhandisi. Walimweka ndani kwa muda, kisha wakampandisha ndege. Sikuruhusiwa kumwona. Akiwa ndani alinipigia simu mara moja tu, akaniambia nisisahau kumwagilia mchicha aliokuwa ameupanda kwenye ndoo dirishani.

Mhandisi alilitimiza lile sharti la mgonjwa asiyejulikana wiki ile ile ya upasuaji, bila kumngoja laoban. Mkaguzi wa ithibati alipokuja, hapo tulifaulu. Tukaangushwa kwingine, kwa kuwa umeme ukikatika mfumo ulikuwa ukipoteza kilichoandikwa mwisho. Ithibati ilikuja kupatikana mimi nikiwa nimesharudi nyumbani, na sikupata kujua ni hospitali gani zilizouchukua.

Lakini kabla sijarudi, mdogo wangu alinipigia. Mkewe alikuwa amefika salama, amelala. Aliuliza habari za kazi, za baridi, za kodi ya chumba. Nilijua hayo siyo aliyopigia.

"Dada," akasema mwishowe, "waliandika ni wa kike au wa kiume?"

Nilimwambia alikuwa bado mdogo mno, hakuna aliyeweza kujua. Upande wake nilisikia mtu akipasua kuni na kuku wakilia. Kisha akanishukuru, akaniomba zile blauzi za mkewe zikitoka kiwandani nizitume haraka, apate cha kumshughulisha. Zilitoka baada ya siku chache, nikazifunga mwenyewe.