Simu Niliyoinunua Bila Kuielewa

Siku mama yangu alipokaa stendi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, mimi nilikuwa darasani nafundisha jiografia, na habari zake zote nilikuwa nazo mfukoni. Alfajiri alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mke wa kaka yangu, kabla hajaondoka kwetu Chemba. Kliniki yake ya macho ilikuwa wiki inayofuata, lakini jirani alikuwa na gari linalotoka kijijini siku hiyo, akaona asiache usafiri wa bure hadi barabarani; mimi nimpokee stendi. Ujumbe niliuona ukiingia. Niliugusa. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, mpaka kengele ya kipindi cha kwanza ikalia nikairudisha simu mfukoni.

Simu ile ilikuwa na miaka mitatu tu. Nilipoinunua ilikuwa nyepesi kama kitu gani sijui, unagusa na jambo limeshatokea. Mwaka wa pili ikaanza uvivu. Mwaka wa tatu ikawa inaganda. Nikiandika neno, herufi zilikuwa hazitokei, halafu zinakuja zote kwa pamoja kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Mtu akinipigia, inaita lakini haionyeshi pa kupokelea, na ikija kuonyesha ameshakata. Kila asubuhi iliniandikia kwamba nafasi imekaribia kwisha, nifute vitu.

Nami nilifuta. Nilifuta picha za harusi za watu, mahubiri, vichekesho, na vikao vyote vya kundi la walimu. Kilichobaki kilikuwa sauti za mama. Mama hajui kusoma, na hata angejua, Kisandawe chetu kina milio ya ulimi ambayo sijaiona kwenye kibodi ya simu yoyote. Kwa hiyo anaongea. Dakika sita, dakika saba, anaeleza mvua ilivyonyesha upande mmoja wa mlima ikaacha mwingine, mbuzi gani kazaa, nani kaoa. Wanangu wamezaliwa hapa Dodoma mjini, lugha wanaiokota vipande vipande tu, lakini wakisikia bibi yao anapiga ule ulimi hukaa kimya, kisha wanasema, mama, rudia hapo. Hizo sikuzifuta.

Saa tisa na nusu, baada ya kuzima simu na kuiwasha mara mbili, ujumbe ulifunguka. Nilipanda bodaboda kutoka shuleni, barabara ya kuja kutoka Mvumi ikiwa na upepo na vumbi, na njia nzima nilikuwa najiuliza nitaanzia wapi kuomba radhi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda alichopewa na muuza karanga, dumu dogo la asali katikati ya miguu. Simu yake ya kitochi ilikuwa imekwisha chaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kumbe uko hai," aliniambia kwa lugha yetu. "Nilianza kuhesabu watu ambao wangenificha habari kama umekufa."

Hakukasirika zaidi ya hapo. Ni mimi niliyekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Usiku ule nilimwambia baba watoto kwamba nanunua simu nyingine, na safari hii nanunua ya bei ya kati, si ile ya chini kabisa, iwe simu itakayobaki na kasi yake hata miaka mitano. Akasema ni wazo zuri, ila akaniuliza nitajuaje. Akamwita mdogo wake.

Shemeji yangu huyo anafanya kazi ofisi moja kule Mtumba, na mambo ya kompyuta ndiyo mkate wake. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akala ugali na mlenda, akanawa, akaanza somo. Nilichukua karatasi ya mtihani wa majaribio nikawa naandika nyuma yake kama mwanafunzi.

"Shemeji, prosesa ndiyo injini. RAM ni meza ya kufanyia kazi. Memori ni kabati la kutunzia. Meza ikiwa ndogo unapanga vitu na kupangua kila saa, ndiyo maana yako inaganda."

"Na kabati likijaa?"

"Hapo nako inaganda."

"Sasa yangu imeganda kwa meza au kwa kabati?"

"Kwa vyote. Na injini pia ilikuwa dhaifu tangu mwanzo."

Akaendelea. Nisikubali RAM chini ya GB nane. Memori isiwe chini ya mia moja ishirini na nane. Na la maana kuliko yote, niulize kampuni imeahidi apdeti za programu kwa miaka mingapi. Hapo nikanyoosha mkono. Mwaka jana simu yangu ilileta apdeti, nikaipokea, na tangu wiki ile ndiyo uzito ulipozidi. Je, apdeti si ndizo zilizoiua?

"Inawezekana," alisema polepole.

"Basi natafuta simu yenye apdeti nyingi au chache?"

"Nyingi. Ukikosa apdeti, baada ya muda aplikesheni zinakataa kufunguka. Na usalama unapungua."

"Kwa hiyo zikija inakuwa nzito, zisipokuja inakataliwa."

"Siyo hivyo, shemeji." Aliandika jina la simu moja kwenye karatasi yangu, akalipigia mstari mara mbili, akasema nikanunue hiyo na nisiongee na muuzaji sana.

Jumamosi iliyofuata tulienda mjini, mimi na mama. Kliniki alikuwa ameshamaliza, amepewa dawa ya matone, na alisema hawezi kukaa nyumbani kutwa anatazama ukuta. Tuliingia duka moja karibu na soko la Majengo, la mama mmoja wa makamo mwenye mtandio wa kijani. Alimwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti, na wakati anafuta kioo cha kabati akatueleza kwamba babu wa babu yake aliingia hapa na misafara akiuza vitambaa na shanga, na tangu hapo ukoo wao haujajua kazi nyingine. Akaniuliza nataka nini.

"Simu ambayo haitachoka."

"Hiyo hata mimi natafuta," alisema. Kisha akanitolea simu nne, moja ikiwa ile ya kwenye karatasi yangu.

Nilizishika moja baada ya nyingine. Niligusa, nikafungua kamera, nikafunga, nikafungua ramani, nikarudi nyuma. Zote zilikuwa na kasi. Zote! Hata ile ya bei ndogo iliteleza kama sabuni. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana nilikuwa nimejiandaa kuona tofauti, na tofauti yenyewe ilikuwa miaka mitatu mbele yangu ambako hakuna mtu aliyefika.

Sanduku moja lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba RAM ni kumi na sita. Nikafurahi. Shemeji alisema nane, hii imezidisha mara mbili, na bei yake iko chini. Mama mwenye duka, aliyekuwa ameona karatasi yangu ya mtihani, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, sitaki urudi hapa kugombana na mimi. Nane ni yake. Nane nyingine inaazima kwenye memori."

Mama yangu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila hukitumia kwa kubana, aliuliza, "Inaazima kwa nani?"

"Kwake yenyewe, mama."

"Mtu anajiazima mwenyewe?" Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na daktari alikuwa amemkataza kugusa macho. "Halafu anajilipa lini?"

Tulicheka sote, lakini mimi nilikuwa nacheka huku natazama karatasi yangu ambayo haikuwa na jambo hilo. Nikauliza kuhusu ile ya kwenye karatasi, yenye mistari miwili. Ilikuwa na nane halisi, ila apdeti zake ni za miaka miwili. Ile ya tatu ilikuwa na apdeti za miaka mingi, ila RAM yake ni sita. Ya nne ilikuwa imepambwa kwa kamera tatu nyuma, na muuzaji akasema ukweli kwamba moja tu kati ya hizo ndiyo inayofanya kazi ya maana. Kila niliyoishika ilikuwa na kitu ambacho nyingine haina, na hakuna aliyeniambia kipi kikikosekana ndicho kitakachomwacha mama yangu stendi.

Mama akauliza swali lingine. "Kuna moja hapa ambayo imeshazeeka? Tuione ilivyo ikizeeka."

Muuzaji alimtazama kidogo, kisha akatoa simu yake mwenyewe kwenye mkoba. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona na kava limegeuka rangi. Alisema ana mwaka wa nne nayo, na kutwa nzima inapiga picha za bidhaa na kujibu wateja. Alinipa. Niliifungua, nikaandika, nikafungua kamera. Ilikuwa na kasi kuliko yangu ilivyokuwa hata mwaka wa pili.

"Nipe hii hii," nilisema.

"Hazipo tena, mwalimu. Waliacha kuzitengeneza. Mpya yenye jina hilo ndiyo hii ya RAM ya kujiazima. Jina wamebakiza, ndani wamebadilisha."

Nilitaka kukaa chini. Kiti kilikuwa kimoja na amekikalia mama.

Muuzaji alienda nyuma akarudi na sanduku lenye vumbi kidogo. Ilikuwa simu ya mwaka uliopita. Alisema ilipotoka ilikuwa ya daraja la juu kidogo, watu wa ofisini ndio waliokuwa wakiinunua, na sasa imeshuka bei kwa sababu imekuja mpya. RAM nane halisi, memori kubwa mara mbili ya niliyoambiwa, apdeti zimebaki miaka mitatu. Tena betri yake mafundi wa hapa wanayo. "Simu nyingi zinakufa betri, watu wanasema zimekuwa nzito," aliongeza, na mimi nikaandika na hilo, ingawa sikujua nilipange wapi.

Nilimpigia shemeji. Simu yangu ikaganda na jina lake juu ya kioo. Muuzaji akaniazima yake.

"Ya mwaka jana?" shemeji alipaza sauti. "Hapana, shemeji, usinunue kitu cha zamani. Teknolojia inakimbia."

Nilimsomea maandishi ya kwenye sanduku, pamoja na jina la prosesa. Nikasikia anabonyeza kompyuta.

"Hebu rudia jina."

Nikarudia.

"Aisee. Hiyo ni nzuri kuliko niliyokuandikia. Subiri... kuna mtu hapa mtandaoni anasema inapata joto. Mwingine anasema haipati." Akabonyeza tena. "Shemeji, chukua tu."

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Ningependa kusema nilipima na kulinganisha, lakini ukweli ni kwamba nilichoka, na mama mwenye duka alikuwa na uso wa mtu asiyedanganya.

Kuhamisha vitu kulichukua muda mrefu. Muuzaji alitaka kuondoka kuswali adhuhuri, akatuomba tulinde simu mbili zilizolala pale juu ya kabati, moja ikimwagia nyingine. Aliporudi tulijaribu kufungua sauti moja. Ilifunguka papo hapo, na mlio wa Kisandawe ukajaa dukani. Mama alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Huyo ni nani?" aliniuliza.

"Si wewe?"

"Mbona anaongea kama mzee?" Akasikiliza mpaka mwisho, habari ya mbuzi aliyekufa kwa kula mfuko wa plastiki.

Jioni ile shemeji alikuja kuiona. Aliigeuza, akaisifu, kisha akaomba ile ya zamani. Alisema anaifuta yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Baada ya nusu saa akanipa. Niliigusa. Ikafunguka. Nikaandika sentensi nzima, kila herufi ikatokea kwa wakati wake.

Nilimtazama. "Sasa mimi nimenunua nyingine ya nini?"

"Itajaa tena, shemeji. Haijapona. Iko tupu tu."

"Kwa nini hukunifutia Jumapili ile?"

"Ungekubali kufuta sauti za mama?"

"Si zingehamia hata kwenye kompyuta yako?"

Baba watoto akatoka nje kwenda kutazama kuku, na najua alienda kucheka. Mimi sikucheka. Nusu ya mshahara wangu wa mwezi ilikuwa imebaki kwa yule mama wa mtandio wa kijani, na pale mezani palikuwa na simu mbili zenye kasi sawa. Nilijilaumu siku kadhaa. Kisha mama alipokuwa anarudi Chemba nikampa ile ya zamani, ikiwa na kitu kimoja tu ndani, cha kutuma sauti. Sasa haazimi tena kwa mke wa kaka. Ananitumia asubuhi, mchana, na wakati mwingine akiwa njiani kwenda kisimani nasikia hatua zake.

Simu yangu imeingia mwaka wa tatu. Haijaganda. Shemeji anasema ni prosesa, na kila akija huwaeleza wageni kwamba yeye ndiye aliyenichagulia. Mama mwenye duka nilipopita kununua kava aliniambia ni betri. Baba watoto anasema ni kwa sababu siku hizi sipakui kila kitu ninachotumiwa. Wote watatu wanaongea kwa uhakika, nami huitikia.

Muhula huu mwalimu wa hisabati, dada mmoja mpole anayekaa meza ya pili kutoka yangu, alinifuata ofisini na simu yake iliyoganda, akaniomba nimwelekeze anunue ipi. Nilianza na meza na kabati, nikafika kwenye kujiazima, nikaona macho yake yanapotea kama yangu yalivyopotea. Nikamwambia anunue kama yangu. Alizunguka mji mzima hakuipata, akanunua nyingine ambayo sikuwahi kuisikia. Majuzi alinionyesha jinsi inavyofunguka upesi. Ana miezi mitatu nayo. Nikamwambia ni nzuri sana, na kwamba aniambie tena mwakani.