Kiti cha Dirishani

Juzi pale Gilgil nilipitwa na lori kuukuu lenye milango minne, nikasikia harufu ya rangi inayoungua ingawa hakuna aliyekuwa akichoma chochote.

Baba alikuwa na lori kama hilo, la kubeba viazi kutoka Molo. Alasiri moja, kwenye gereji ya jua kali Nakuru, mafundi walikata kichwa cha lori nyuma ya kiti cha dereva, wakachomelea kipande cha kichwa cha lori lingine bovu ili kuwe na kiti cha pili. Grinda ilipiga mayowe, cheche zikaruka, rangi ikaungua. Nilijua tunatengenezewa sisi watoto.

"Baba, mimi nitakaa dirishani?"

"Panda ujaribu," alisema, akageuka kumtazama fundi.

Siku hizi najua. Wapakiaji wetu walikuwa wakisafiri juu ya magunia, na Kiprono, aliyezoea kuniletea karoti, alisinzia kwenye baridi akaanguka barabarani. Siku ile ya gereji alikuwa ameshazikwa. Mimi niliambiwa amerudi kwao.

Lori liliporudi kazini, wenzake Kiprono walibanana upande mmoja wa kile kiti, dirishani wakaacha wazi. Nilidhani wananiwekea mimi.