Vidonge Viwili kwa Saa Nane, au Vinane kwa Saa Mbili?

Saa tatu na robo asubuhi, Kuo Yueh-hsia ameinama mbele ya mashine yenye ukubwa wa sufuria ya umeme ya kupikia wali, mkononi ameshika kisahani. Mashine inakohoa, kisha inaanza kudondosha choroko. Moja, mbili, tatu. Zinafika nane ndipo inanyamaza.

"Nane!" anapiga kelele mpaka wenzake wanainua vichwa. "Nimeiomba mbili, imenipa nane. Bibi wa watu ameshakufa huyu!"

Hakuna bibi aliyekufa. Choroko hutumika badala ya vidonge katika chumba cha majaribio cha kampuni hii ndogo ya mjini Hsinchu, Taiwan, ambayo imeomba isitajwe jina. Mashine hiyo huwagawia wazee dawa zao kwa wakati. Siku hiyo ni Jumatatu, na Ijumaa mashine za aina hiyo zinatakiwa zipelekwe kwenye nyumba arobaini za kulelea wazee.

Yueh-hsia ana miaka 51, na ameandika programu za kompyuta kwa miaka 26. Mgonjwa wake wa majaribio alikuwa ameandikiwa vidonge viwili kila baada ya saa nane. Mashine ikatoa vinane na kujipangia kutoa vingine baada ya saa mbili.

Kosa lilikuwa kwenye methodi, yaani kijisehemu cha programu unachokituma kazi nacho kikurudishie jibu. Katika lugha ya kompyuta inayotumika hapa, methodi hurudisha jibu moja tu. Ukitaka mawili, lazima uyafunge pamoja. Methodi ya dozi ilirudisha namba mbili zilizopangwa foleni, vidonge mbele na saa nyuma, bila jina lolote.

"Umemtuma mtu dukani chumvi na sukari," Yueh-hsia anaeleza. "Karudi na mifuko miwili haina maandishi. Anakwambia wa kwanza ndio chumvi. Haya. Kesho kutwa nani anakumbuka? Utaijua kwenye chai!"

Aliyeandika mstari wa programu uliozisoma namba hizo kinyume ni meneja wake, Tseng Po-yuan, mwenye miaka 44. Kwenye mfuko wa dawa wa zahanati za hapa, kwanza huandikwa ni kila baada ya saa ngapi, ndipo idadi ya vidonge. "Nasoma hivyo tangu utotoni," Tseng anasema. "Mkono ulienda wenyewe." Kompyuta nayo haikulalamika, maana kwake namba ni namba.

Tseng aliugeuza mstari wake kwa dakika moja, akaja na karatasi ya majaribio ili Yueh-hsia aigonge muhuri wa jina lake. Bila muhuri huo mashine haitoki.

"Dada, nimeshageuza. Gonga tukale."

"Sigongi."

"Jamani, Dada Hsia! Mstari mmoja tu!"

"Methodi hiyo inatumika mahali sitini na tatu, Mkuu. Umegeuza mahali pamoja tu. Sehemu nyingine sitini na mbili umezitazama?"

"Zinafanya kazi kwenye majaribio mwaka wa tatu huu."

"Hata wewe ulidhani yako inafanya kazi. Choroko ndizo zilizokuumbua."

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja chenye sehemu mbili zilizopewa majina, "vidonge" na "saa". Methodi irudishe kitu hicho, na asiwepo wa kuuliza tena kipi kiko mbele. Tseng alipiga hesabu: siku nne za kuandika, kisha majaribio upya. Ijumaa ingepita.

Mkataba wa Yueh-hsia ni wa mwaka mmoja mmoja, kwa mshahara wa dola 52,000 za Taiwan kwa mwezi. Ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo huo.

"Unajua mkataba wako uko mezani kwangu," Tseng akamwambia.

"Najua. Na mzee wa miaka themanini na tisa hahesabu vidonge, anameza kilichodondoka. Hilo nalo unalijua?"

Akautia muhuri mfukoni, akaketi. Kwa siku nne alikula wali wake wa boksi hapo hapo mbele ya kompyuta. Wenzake wakambandika jina la Bibi Majina, naye akawaambia afadhali bibi mwenye majina kuliko namba zisizo na wenyewe.

Alipoifuta ile foleni ya namba, kompyuta ilimwonyesha kwa rangi nyekundu kila mahali palipoitegemea. Akaanza kupapitia, mahali pamoja baada ya pengine. Alhamisi alipofika mahali pa arobaini na moja, alisimama.

Ni sehemu inayofanya kazi pale tu umeme unapokatika na kurudi. Humo pia saa zilisomwa kwanza, vidonge baadaye. Hakuna jaribio lililowahi kufika huko; kimbunga cha kwanza tu cha kukata umeme kingefika.

Alitazama kumbukumbu aone nani aliyeandika. Jina lilikuwa Kuo Yueh-hsia.

Angeweza kurekebisha na kunyamaza. Badala yake aliita ofisi nzima. "Njooni mwone! Ni mimi!"

Tseng alicheka hadi akashika meza. "Kumbe hata wewe, Dada! Na methodi yenyewe uliitunga wewe!"

"Niliitunga mwenyewe, nikaisahau mwenyewe. Sikuamini wewe, na mimi sijiamini. Kila namba iandikwe jina, basi."

Tseng akaacha kucheka. Alasiri hiyo alizipigia simu nyumba zote arobaini yeye mwenyewe, kuziomba radhi kwamba mashine zitachelewa wiki moja.

Mkataba mpya ulikuja mwisho wa mwezi. Haukuwa wa mwaka, bali wa miezi mitatu. Tseng anasema ni uamuzi wa wakubwa zake.

"Hasira ninayo, sikufichi," anasema Yueh-hsia. "Lakini kama ni kurudia, narudia leo hii."

Kwenye programu hiyo hiyo ameshahesabu methodi nyingine 118 zinazorudisha namba zisizo na majina. Hakuna aliyemtuma, ila amepanga kuzipa majina zote.

"Miezi mitatu ina siku sitini na nne za kazi," anasema. "Nikifanya mbili kwa siku, siku hamsini na tisa nimemaliza. Hizo tano zitakazobaki ndizo za kutafuta kazi nyingine."