Mifuko Kumi na Miwili ya Mihogo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, lori la kiwanda lilipanda mpaka kwetu Mugoma kuchukua mihogo, na nusura liondoke tupu kwa sababu yangu. Umeniambia kwenye simu kwamba chuo chenu kinaanza utafiti pamoja na kiwanda, na wewe ndiye utakayezunguka vijijini. Basi kaa chini usome barua hii mpaka mwisho. Na hiyo simu iweke pembeni.

Wakati huo nilikuwa na watoto wawili tu, miguu myepesi na mdomo mwingi. Akaja mwalimu wa chuo kikuu, binti mwembamba anaitwa Devota, akatukuta wanawake kumi na wawili wa kikundi cha wakulima, kila mmoja na shamba lake. Alieleza bila kuzunguka. Kiwanda cha unga kilitaka kununua mihogo yetu, lakini kulikuwa na ugonjwa unaoozesha mzizi huku majani yanaonekana mazuri tu. Chuo kingepima, kiwanda kingenunua kwa kufuata vipimo. Akaniachia mifuko kumi na miwili, kila mmoja na namba ya shamba lake.

"Dada, ng'oa shina lolote la katikati ya shamba. Zima, bovu, weka tu."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Sasa kwetu mgeni hapewi kibovu, unajua mwenyewe. Mgeni anapewa kile kiti kisichochechemea, mwenye nyumba akae chini. Nilipokata mhogo wa kwanza, shambani kwa mwenzetu Anastazia, ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, mkavu kama gome. Niliona aibu kana kwamba ni upele wa mtoto wangu. Huu niupeleke chuo kikuu? Nikautupa. Nikaenda nyuma ya nyumba ya mama mkwe, alikokuwa na mihogo ya mbegu nyingine iliyokula samadi ya ng'ombe, nikajaza mifuko yote kumi na miwili kutoka pale pale. Tena niliiosha. Njiani nikawa najisifu moyoni, eti nimeliokoa jina la kijiji.

Vipimo vikatoka vizuri mno, na lori likaja na meneja wa kiwanda. Wakakata mihogo ya shamba la kwanza, imeoza. La pili, imeoza. Meneja akamgeukia Devota mbele ya watu wote.

"Mwalimu, huko maabara mnapima mihogo au mnapima maneno? Nikirudi nawaambia wakubwa wangu, na chuo hiki basi tena."

Yule binti alifungua daftari, akalifunga, akalifungua. Vipimo vyake vilikuwa vya kweli kabisa, maskini, na hakujua aanzie wapi kujitetea. Mimi nilijificha nyuma ya mgongo wa Anastazia.

Mama mkwe akanivuta mkono mpaka upande wa pili wa lori.

"Yale mashimo nyuma ya nyumba yangu nilidhani ni nguruwe. Kumbe wewe?"

"Ni mimi, mama. Niliona aibu. Hawa ni wageni."

"Mgeni wa kula mpe kizuri. Huyu amekuja kama daktari, wewe unamfunika kidonda! Nenda kaseme. Usiposema nitasema mimi, na nikianza nitataja na ya mwaka juzi."

Ya mwaka juzi hayakuhusu. Nikaenda.

Nilisema nikiangalia chini, yote, na mashimo na maji ya kuoshea. Meneja akaniuliza polepole, "Mama, yaani uliiosha?" Nikasema niliiosha. Akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Devota hakucheka. Alijifuta uso, akatoa mifuko mipya, akamwambia, "Tuanze upya, sasa hivi, na wewe meneja ushike jembe."

Akalishika kweli, na shati lake jeupe. Tulipita mashamba yote. Manne yalikuwa mazima, yote yamepandwa ile mbegu ya mama mkwe. Manane mabovu. Lori likapakia ya yale manne, na meneja akampa Devota mkono, akasema kazi yao na chuo inaendelea, na sisi wengine tupande vijiti vya mihogo ya mbegu ile. Mwanangu, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Pumzi niliyoishusha siku hiyo nadhani ilisikika mpaka kijiji cha Mabawe.

Kwa hiyo nakwambia. Ukifika kijijini usiachie watu mifuko ukaondoka. Shika jembe mwenyewe, na mtu wa kiwanda awe hapo, aone kwa macho yake. Mama wa huko akikuletea mihogo inayong'aa, mshukuru, kisha muulize kwa upole ile mingine ameitupa wapi. Usimcheke, anakuheshimu. Na ukikosea wewe, sema mapema kuliko nilivyosema mimi, kwa maana kuna mwenzako anaulizwa jambo asilolijua.

Mungu akutangulie barabarani. Wenye mashamba wakupokee, na wenye kiwanda wakuamini ukileta habari mbaya kama wanavyokuamini ukileta nzuri. Nenda ukafanye kazi, mwanangu, na moyo wako ulale umetulia.