Nilijaza hotspot intaneti kama memory card, nikaipeleka Buffalo kwenye posa ya dada yangu

Wakuu, salaam kutoka Louisville, Marekani.

Naandika nikiwa bado na furaha ya ajabu. Yote haya yamenikuta mimi mwenyewe, hata sehemu za aibu sijazikata. Shule sikufika mbali, kwa hiyo wataalamu wa mitandao mkicheka, chekeni taratibu.

Iko hivi.

Dada yangu Anitha anakaa na mama Cheektowaga, kule Buffalo. Akapata mchumba, kijana mpole wa kwaya. Ikapangwa siku ya posa.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Kwetu posa inajibiwa na mkubwa wa familia. Baba alishafariki, kwa hiyo mkubwa ni baba mkubwa, ndiye aliyetulea. Na yeye mpaka leo yuko kambini. Kama hajasema kwa kinywa chake "nimewapa", hakuna posa hapo, ni watu wamekutana kula wali.

Mama akanipigia: "Mwanangu, ukumbi tuliopata uko chini ya kanisa, hauna intaneti. Baba yako mkubwa tutamwonaje?"

Nikajibu kifua mbele: "Mama, intaneti naileta mimi."

Kuna jamaa kazini kwetu warehouse alikuwa ameniuzia kile kidude cha hotspot, kidogo kama sabuni ya kuogea. (Mtauliza kwa nini nisitumie simu. Kifurushi changu cha bei rahisi hakiruhusu kugawa hotspot, na tulitaka baba mkubwa aonekane kwenye TV kubwa, siyo kwenye kioo cha kiganja.)

Sasa wakuu, aibu inaanzia hapa.

Kambini tulikuwa tunapeleka memory card kwa fundi, anatujazia nyimbo, tunaondoka nazo popote. Mimi nikajua na hiki kidude ni vilevile! Nikakiweka juu ya router ya nyumbani siku mbili kijae. Taa inawaka. Simu yangu inaonyesha WiFi yake imejaa mistari yote. Nikafungua video, inacheza safi kabisa.

Nikasema tayari, mzigo umejaa.

Ijumaa nikaendesha hadi Columbus, katikati ya safari, nikapumzika mtaa wa Whitehall kwa rafiki yangu Dieudonné, Mkongo, tulikuwa majirani kambini. Nikamtolea kidude kwa majivuno. Akakigeuza, akafungua mgongo.

"Bon, carte SIM iko wapi?"

"Ya nini? Nimeshakijaza nyumbani."

"Umekijaza na nini, ndugu yangu? Petroli?"

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kapeti. Mkewe akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Alipomaliza kufuta machozi akanielewesha, na mimi nawapa kama nilivyopewa. "Hii kitu haichungake intaneti, haiiweke ndani. Inakamata réseau, network, kwenye minara, sawa na simu, kisha inaigawa kwa WiFi. WiFi ni njia tu ya kutoka hapa mpaka kwa simu yako. Bila laini, njia iko, lakini hakuna kitu yenye kupita."

Na ile video ya nyumbani? Kumbe simu ilipoona WiFi haina kitu, ikarudi kimyakimya kwenye data zake yenyewe. Nimedanganywa na simu yangu!

Tukakimbilia duka la simu kabla halijafungwa, nikanunua laini ya data na bando. Dieudonné akaiweka, video ikacheza, safari hii ya kweli. Nilimkumbatia mpaka akasema, "Niachilie, donc, nina shift."

Jumamosi saa nane mchana, Cheektowaga. Chini ya kanisa network ilikuwa inakatika, nikapandisha kidude kwenye kidirisha cha juu, ikakaa sawa. Laptop kwenye TV.

Baba mkubwa huyo hapo! Amevaa koti, kule ni saa tatu usiku, amekaa chini ya balbu na simu ya kuazima. Mama akashika mdomo. Miaka mingi hajaona uso wa shemeji yake kwa ukubwa ule.

Mimi kwa raha nikabandika karatasi pale kwenye chakula: KARIBUNI WIFI, na password chini yake.

Msemaji wa upande wa mwanaume akaomba kwa maneno matamu. Baba mkubwa akakohoa, akanyoosha koti.

"Huyu Anitha, mimi simtoi..."

Picha ikaganda. Mdomo wazi, kidole juu.

Bwana harusi mtarajiwa jasho linamtoka. Shangazi mmoja nyuma yangu: "Eh! Ametukatalia wakwe mchana kweupe!"

Anitha akanitazama. Wakuu, yale macho sitayasahau.

Nikapanda kiti, nikaangalia kidude. Kinaonyesha simu kumi na tano ziko hewani! Wageni wote wanarusha posa live, njia moja nyembamba. Nikapiga kelele, "Jamani tokeni kwenye WiFi!" Kila mtu akamwangalia jirani yake. Mama wa bwana harusi mwenyewe simu iko juu, anasalimia watazamaji.

Sikubishana. Nikaingia kwenye settings, nikabadilisha password. Wote nje. Nikarudisha laptop peke yake.

Baba mkubwa akazinduka palepale.

"...mnanisikia? Nasema simtoi kwa watu nisiowaona nyuso. Zungusheni hiyo kamera."

Nikaibeba laptop, nikaizungusha meza kwa meza, nyaya zinaburutika. Aliwatazama mmoja mmoja. Alipofika kwa mama akanyoosha koti tena, kisha:

"Nimewaona. Nimewapa."

Vigelegele mpaka kidude kikadondoka dirishani! Hakikuvunjika.

Nilichojifunza: kidude hakibebi intaneti, kinaigawa tu, na ukigawia kila mtu, unayemhitaji anaganda. Kipime ukiwa mbali na nyumbani, na data za simu umezima. Password usibandike kwenye wali.

Nimeanza hata kuulizia kozi ya networking hapa Louisville. Siku moja nitaenda kuweka WiFi kambini mwenyewe, mtaniambia.

Na wewe, ni nani wako aliganda kwenye kioo siku uliyomhitaji? Dondosha hapo chini, nasoma zote.